MSALABA WA KILA SIKU: Kutoka Bukumbi ya Mwaka 1883 hadi Machimbo ya Geita



Mathayo, Marko na Luka, wote watatu, wametuhifadhia fundisho la Bwana juu ya kujikana nafsi na kujitwika msalaba. Lakini Luka, katika sura ya 9 aya ya 23, anaongeza maneno mawili ambayo wenzake hawakuyaandika: kila siku. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kuyatazama kwa makini maneno madogo ya namna hii, kwa maana mara nyingi ndiyo yanayobeba uzito wa aya nzima. Msalaba ambao Luka anauzungumzia ni ule unaobebwa sokoni, shambani, jikoni na machimboni, siku ambayo hakuna kengele ya kanisa iliyopigwa.

Nimeyatafakari sana maneno hayo mawili tangu siku aliponijia mchimbaji mmoja, kijana mwaminifu kabisa katika sadaka na zaka zake, akiniomba nikabariki duara lake jipya. Tulipokuwa tukipanga siku, nikamwuliza kama kuna mtu mwingine aliyekwisha kuitwa pale kabla yangu. Akainamisha kichwa. Mganga alikuwa amefika siku ya Jumanne. Nikamwuliza, "Mwanangu, kwa nini sisi wawili?" Akanijibu kwa utulivu, bila ukaidi wowote, "Padre, Mungu ni wa juu, lakini dhahabu iko chini."

Ndugu zangu, sikupata jibu siku ile. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, kwa sababu niliona kwamba kijana yule alikuwa ameieleza kwa sentensi moja hali ya Ukristo wetu katika ukanda huu wote wa Shinyanga, Kahama na Geita. Tuna Mungu wa Dominika, aliye juu. Kuanzia Jumatatu, chini kule tunakotafuta riziki, tunaona ni mahali pa bwana mwingine. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Nikaona ni vyema, kabla ya kumjibu kijana yule, niirudie historia ya jinsi imani ilivyofika katika nchi hii, nione kama tangu mwanzo ilikuwa imani ya Dominika peke yake. Ninawashirikisha leo nilichokiona.

MAPADRI WALIPOONDOKA, IMANI ILIBAKI

Wamisionari wa Afrika, ambao tumezoea kuwaita Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, waliondoka Bagamoyo kuelekea Maziwa Makuu katikati ya mwaka 1878. Msafara ulipita Tabora, na mwishoni mwa mwaka huo baadhi yao wakafika Kageye, kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, nchi ya Wasukuma. Kutoka hapo Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakafika Buganda mwezi Februari 1879. Wenzao waliobaki Kageye waliwafuata baadaye mwaka huo huo.

Kwa hiyo nchi yetu ilikuwa kwanza mahali pa kungojea mtumbwi. Macho ya wamisionari yalikuwa ng'ambo, kwenye kasri la Kabaka Mutesa. Lakini mambo ya Buganda yaligeuka. Mwezi Novemba 1882, wakiwa wameona hatari imezidi, mapadri walifunga misioni yao, wakawachukua watoto waliokuwa wamewakomboa utumwani, wakarudi kusini mwa ziwa. Mwaka 1883 wakaanza makao huko Bukumbi, kando ya ghuba ya Mwanza, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Misungwi. Ndiyo misioni mama ya kanda yetu yote.

Hebu tutazame kilichotokea Buganda baada ya wao kuondoka. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa mwezi Aprili 1882. Mathias Mulumba Kalemba alibatizwa mwezi Mei mwaka huo. Wakristo hawa walikuwa na umri wa miezi sita au saba tu katika ubatizo wao, na sasa hapakuwa na padri, wala Misa, wala kitubio. Kwa hesabu za kibinadamu, moto ule ulipaswa kuzimika. Badala yake ulienea. Kwa karibu miaka mitatu, hadi Padri Lourdel aliporejea mwezi Julai 1885 baada ya Mwanga kurithi kiti cha baba yake, waamini wale walikusanyika majumbani, wakafundishana, wakawauguza wagonjwa na kuwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Mapadri waliporudi hawakukuta magofu. Walikuta jumuiya iliyokua.

Ilikua kwa sababu gani? Tazameni kazi zao. Yosefu Mukasa alikuwa mtumishi wa kasri, aliyesimamia vijana wa Kabaka. Hapo hapo kasrini ndipo alipofundisha na kuwalinda vijana wale. Andrea Kaggwa aliongoza wapiga ngoma na tarumbeta wa mfalme. Noe Mawaggali alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Mathias Kalemba alikuwa mtu mwenye cheo katika jimbo la Ssingo. Alipobatizwa alibaki na mke mmoja na kuwaacha huru watumwa wake, jambo ambalo kwa mtu wa hadhi yake lilikuwa ni kujivua utajiri na heshima mbele ya watu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba Kalemba amekuwa Mkristo. Jirani aliona mlangoni pake.

Yosefu Mukasa alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885, baada ya kumkemea Mwanga kwa kuamuru kuuawa kwa Askofu Mwanglikana James Hannington na kwa kuwatetea vijana wa kasri. Karoli Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Siku chache kabla yao, Mathias Kalemba na Noe Mawaggali walikwisha kuuawa. Tunapowaadhimisha kila mwaka tunakumbuka zaidi jinsi walivyokufa. Mimi leo naomba tukumbuke pia ile miaka mitatu walivyoishi. Moto wa Namugongo haukuwafanya kuwa wafuasi wa Kristo; uliwakuta tayari ni wafuasi.

MGENI WA BUKUMBI

Kuna kisa kimoja cha nchi yetu ambacho nasikitika kwamba watoto wetu wa Komunyo ya Kwanza hawakijui. Mwezi Septemba 1888 Mwanga mwenyewe aliondolewa madarakani. Mwezi Oktoba wamisionari nao walifukuzwa, wakavuka ziwa pamoja na kundi la Wakristo wa Kiganda, wakaja Bukumbi. Na Mwanga? Yeye alikimbilia Magu, akawa mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu, kisha akatoroka. Alikwenda wapi? Alikwenda Bukumbi, kwa mapadri.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Ilikuwa imepita miaka miwili na miezi michache tu tangu Namugongo. Waliokuwapo Bukumbi walikuwa ndugu na rafiki za vijana waliochomwa. Na sasa aliyetoa amri anabisha hodi akiwa mkimbizi. Wakampokea. Alikaa pale, kwenye ufuko wetu wa Usukuma, hadi aliporudi kudai kiti chake mwaka 1889.

Haitupasi kuipamba historia. Ndani ya ukarimu ule zilikuwamo pia hesabu za siasa, na vita vya Buganda vilivyofuata, hata Wakristo kwa Wakristo kupigana mwaka 1892, havikuwa na harufu ya Injili. Lakini hesabu za siasa pekee hazitoshi kueleza jinsi mtu anavyoweza kula chakula mahali pamoja na mwuaji wa ndugu yake. Bukumbi ilipewa mtihani mgumu kuliko wote ambao Bwana aliuweka katika mafundisho yake, yaani kumtendea mema adui, na hapo ilifaulu. Kama mtu anataka kujua Kanisa la kanda yetu lilizaliwaje, ajue kwamba utoto wake ulipita katika nyumba iliyomfungulia mlango Mwanga.

KWA NINI MIAKA MINNE?

Lavigerie, aliyefanywa kardinali mwaka 1882, aliwawekea wamisionari wake sheria ambayo wengi waliiona kali mno: mtu asibatizwe kabla ya miaka minne ya maandalizi. Miaka miwili ya kwanza ni ya mtu anayeomba kuingia. Miaka miwili ya pili ni ya mkatekumeni kamili. Ni kweli kwamba Buganda wa kwanza walibatizwa mapema kuliko hapo, lakini sheria ilikazwa, na katika misioni zetu ilidumu vizazi vingi. Wazee wetu wanasimulia jinsi walivyotembea kilometa nyingi kwenda misioni, wakalala huko majuma mazima wakifundishwa na katekista, wakarudi kulima, kisha wakaenda tena.

Miaka minne ilikuwa ya nini? Katekisimu yenyewe mtu mwenye akili anaweza kuikariri kwa miezi michache. Lavigerie aliichota desturi hiyo katika Kanisa la karne za kwanza, na sababu yake ni moja: kujua jibu ni jambo moja, kuliishi ni jambo lingine. Katika miaka minne kuna misimu minne ya njaa, kuna mazishi, kuna ugonjwa wa mtoto usiku wa manane, kuna ugomvi wa mpaka wa shamba. Hapo katekista na majirani walitazama mtu huyu anakimbilia wapi. Anayekimbilia kwa mpiga ramli kila mtoto anapopata homa alirudishwa nyuma, asibatizwe, hata kama Baba Yetu anaisali bila kukosea.

Wasukuma hawakuingia Kanisani kwa haraka kama Waganda. Hapakuwa na kasri moja ambalo likigeuka nchi nzima inageuka. Palikuwa na watemi wengi, na palikuwa na mila imara za mababu. Imani ilipenya kaya kwa kaya, kwa miguu ya makatekista. Baadaye walikuja wachungaji waliotambua kwamba Msukuma hapaswi kuacha Usukuma wake mlangoni pa kanisa. Padri David Clement, Mkanada, alianzisha kituo cha Bujora katika miaka ya 1950, akajenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya kitemi na kukusanya ngoma na vifaa vya mababu. Askofu Joseph Blomjous, aliyeongoza Mwanza hadi mwaka 1965, alianzisha huko Nyegezi, mwaka 1960, chuo cha kuwafundisha walei mambo ya jamii na maendeleo. Mbegu hiyo ndiyo baadaye ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Upande wa Shinyanga, Wamaryknoll kutoka Marekani walichukua kazi katika miaka hiyo hiyo ya 1950, na Askofu Edward McGurkin akawa askofu wa kwanza wa Shinyanga mwaka 1956. Kahama ikawa jimbo mwaka 1983, na Geita mwaka 1984.

Tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ukiwa katika kikao, Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 21 Novemba, Mtaguso ulitoa hati juu ya Kanisa, na sura nzima ya tano ikafundisha kwamba utakatifu ni wito wa wabatizwa wote katika hali zao zote za maisha. Sidhani kwamba ukaribu wa tarehe hizo ni wa bure. Kanisa zima lilikuwa limetazamishwa mfinyanzi, mpiga ngoma na mtumishi wa kasri. Na mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, wakikutana Nairobi katika AMECEA, waliamua kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Waliirudisha imani mahali ilipokuwa mwaka 1883 Buganda: nyumbani kwa watu.

DHAHABU, ALMASI NA HOFU

Sambamba na historia hiyo kuna historia ya pili, ya ardhi iliyo chini ya miguu yetu. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966. Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, milango ya biashara ya madini ilipofunguliwa, vikaja rashi. Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na vijiji vingine vilijaa wanaapolo kutoka kila kona ya nchi. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009 hadi ulipofungwa mwaka 2021.

Atakayeishi kando ya machimbo ataelewa kwa nini hofu hustawi pale. Mkulima akilima vizuri na mvua ikinyesha, anajua kwa nini amevuna. Mchimbaji anaweza kuchimba miezi minane asipate kitu, na mwenzake, hatua kumi kutoka kwake, akatoka na mifuko ya mawe yenye kumjengea nyumba. Kwa nini yeye na si mimi? Swali hilo halijibiki kwa akili, na katika pengo hilo ndipo mganga anapoweka mkeka wake.

Matunda ya hofu hiyo tunayajua. Kwa takwimu za serikali, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, 2,286 wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo yalitokea Usukuma. Bibi aliyepika maisha yake yote kwa moto wa kinyesi cha ng'ombe, kwa kuwa kuni zimekwisha, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Na wekundu huo ukafanywa hukumu ya kifo. Kisha, kuanzia mwaka 2007, yakaenea mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati machimboni na katika uvuvi. Zaidi ya watu 70 waliuawa nchini. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia machozi Bungeni kwa ajili yao, na serikali ikazifuta leseni za waganga wa jadi. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya kifo kwa mauaji hayo, dhidi ya watu watatu waliomwua kijana wa miaka 14. Hata hivyo mwaka 2015, mwezi Februari, mtoto mchanga alinyakuliwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato, akauawa.

Na kuna jambo ambalo nikiliruka nitakuwa mnafiki. Mwezi Juni 2024, kufuatia mauaji ya mtoto mwenye ualbino huko Muleba, mkoani Kagera, watu tisa walifikishwa mahakamani. Kati ya washtakiwa alikuwamo padri. Kushtakiwa si kutiwa hatiani. Hukumu ni ya mahakama, nami simhukumu mtu. Lakini niliposoma habari ile nilifunga mlango wa ofisi nikakaa kimya kwa muda mrefu. Tulikuwa tumezoea kusema kwamba mambo haya ni ya wapagani wa porini. Kumbe inatupasa sote tuliosimama altareni na sisi tuliokaa katika viti vya kanisa tujiulize: hofu hii imekaa umbali gani kutoka kwetu?

KOSA LANGU MWENYEWE

Nilipokuwa padri kijana, katika kigango kimoja cha mbali, bibi mmoja alinisubiri baada ya Misa. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba tangu mjukuu wa jirani afariki, watu hawamsalimii tena, na usiku kuna mawe yanayotupwa juu ya bati lake. Nilimwekea mikono, nikampa maji ya baraka, nikamwambia, "Bibi, nitakuja wiki ijayo tuzungumze na majirani." Wiki iliyofuata gari liliharibika, iliyofuata kulikuwa na mkutano. Nilirudi kigangoni kule baada ya majuma matano.

Nikamkuta bibi yu hai, anacheka. Mwanamke mmoja muuza mboga, mwenyekiti wa jumuiya yao, alikuwa amesikia maneno yetu siku ile. Hakumngoja padri. Jioni hiyo hiyo aliita jumuiya, wakasali rozari nyumbani kwa bibi, kisha akatangaza kwamba kuanzia usiku huo familia mbili zitalala pale kwa zamu. Walilala pale hadi maneno yakaisha. Mama yule alikwenda hata kwa familia iliyofiwa, akakaa nao, akawapelekea unga, kwa sababu alielewa kwamba chanzo cha tuhuma ni uchungu wa watu waliozika mtoto bila kujua sababu. Bibi yule aliishi miaka mingine mingi, akafa kwa uzee kitandani pake.

Mimi nilikuwa na mafuta, stola na kitabu cha baraka. Yule mama alikuwa na maneno mawili ya Luka. Nilipokuja kusoma vizuri habari za Buganda ya mwaka 1883, nilimtambua mara moja. Padri alikuwa ng'ambo ya ziwa. Imani ilikuwa nyumbani.

KRISTO ALIYESHUKA

Sasa narudi kwa kijana wangu wa duara. Nilimtafuta baadaye, nikamwambia: Mwanangu, katika Kanuni ya Imani ya Mitume tunakiri kwamba Kristo alishuka hadi kuzimu. Hakuna duara refu kuliko hilo. Ukisema Mungu ni wa juu tu, umeikiri nusu ya imani yako. Sitabariki duara mpaka uchague. Lakini ukichagua, sitakuja na maji ya baraka peke yake. Nitakuuliza habari za Jumatatu.

Nikamwuliza. Wanaoshuka kwa niaba yako, mnagawana mawe kwa haki, au mgawo unafanyika wakiwa wamelala? Mizani unayopimia ni ile ile unaponunua na unapouza? Matimba ya kuzuia udongo usiporomoke umeyaweka, au umeahirisha mpaka dhahabu ionekane? Zebaki unaichomea wapi, kwenye kikaango kile kile anachotumia mkeo kupikia watoto? Na pale mwaloni, mtoto wa jirani yupo shuleni au anaponda mawe yako? Maswali hayo ndiyo katekisimu ya machimboni. Yeyote anayeweza kuyajibu bila kuona haya amejitwika msalaba wake siku hiyo.

Nilimkumbusha pia jambo la Nyangarata, wilayani Kahama. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa chini ya ardhi. Utafutaji ulikwisha kukatiwa tamaa. Siku ya 41, wachimbaji wenzao waliosikia sauti kutoka chini waliwafikia, na watano wakatolewa wakiwa hai, baada ya kuishi kwa kula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji ya matope. Na mwezi Januari 2017, huko Nyarugusu, wachimbaji 15 walitolewa wote wakiwa hai baada ya siku kadhaa chini. Walitolewa na nini? Hawakutolewa na hirizi. Walitolewa na watu waliosikiliza, wakachimba, wakakataa kuondoka. Chini kule, nilimwambia, Mungu alikuwapo, akiwa na mikono ya wanaapolo.

Sitawadanganya kwamba kijana alilia na kutubu palepale. Alikaa kimya, akasema atafikiri. Ilipita miezi mitatu. Siku moja Jumamosi akaja, akaniambia matimba yameshawekwa na mganga ameambiwa asirudi, ila bado anaogopa. Nilimjibu kwamba hata mimi huogopa, na kwamba Bwana hakutuagiza tujitwike msalaba siku tutakayoacha kuogopa. Tukaenda kulibariki lile duara. Hadi leo sijui kama alipata dhahabu nyingi; sikumwuliza.

Ndugu wapendwa, tumefupisha mambo mengi katika Kanisa letu, pengine hata ile miaka minne, na zipo sababu za kichungaji. Lakini maisha yenyewe hayafupishwi. Wiki hii, kila jumuiya ijiulize swali moja tu: katika kitongoji chetu, ni nani asiyesalimiwa? Bibi mwenye macho mekundu, mama wa mtoto mwenye ualbino, mjane wa mchimbaji aliyefukiwa. Mkishampata, msimngoje Paroko. Huenda gari lake limeharibika.

Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee.

Ninawatakieni nyote Dominika njema, na zaidi sana, Jumatatu njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko